Mbwa kakung'ata ukiwa kazini: fidia yako unaidai wapi na vipi, kwa sie wa Unguja na Pemba

Hii naandika khasa kwa walinzi, watu wa bustani, hauskiping, vijana wa delivari, wapeleka gesi na maji, yaani nyote mnaoingia mageti ya watu kutwa nzima, mana skuizi huku pwani vila nyingi zina mbwa na kila nikikaa na watu nasikia kisa kile kile, mtu kang'atwa, kapewa laki moja mkononi na pole nyingi, kasainishwa kikaratasi hata hajakisoma, kishapo mwezi wa pili mguu bado unavimba na akienda kwa tajiri anaambiwa si ulishalipwa. Mie si wakili, ni mwakilishi tu wa wafanyakazi, lakini njia hii nishaipita na wenzangu na najua wapi watu wanapotea.

Wanapotea hapa: wanadhani kuna mlango mmoja tu wa kugonga. Ipo miwili. Wa kwanza ni mwajiri wako, na huyu anadaiwa kwa sababu umeumia ukiwa kwenye kazi yake, hata kama mbwa si wake. Wa pili ni mwenye mbwa, na huyu anadaiwa kwa sababu mnyama wake kakudhuru, hata kama yeye hajakuajiri. Ikiwa mwajiri ndo mwenye mbwa basi milango yote miwili iko nyumba moja, lakini bado ni madai mawili tofauti yenye sheria tofauti, na ukichanganya utazungushwa mpaka uchoke.

Kwanza mwili

Ukishang'atwa, au hata kakuparura kwa kucha damu ikatoka, nenda kwenye bomba. Sabuni yoyote, hata kipande cha kufulia, na maji yanayotiririka, robo saa nzima kwa saa, si dakika mbili za kujifariji. Shirika la Afya Duniani wanasema dakika 15 na wana sababu, virusi vya kichaa cha mbwa vikiwa bado juu juu vinaosheka. Na hapa niseme kitu ambacho watu wanaona haya kukisema. Sie wa madhehebu ya Imamu Shafi tuna hukumu ya kutwahirisha alipogusa mbwa mara saba, moja yake kwa udongo, na nishamuona mtu anapaka udongo kwenye nyama iliyo wazi kabla hajafika hospitali. Usifanye hivo jamani. Udongo kwenye kidonda kibichi ni kujitafutia pepopunda. Osha kwa sabuni, katibiwe, suala la twahara muulize shekhe wako ukishatulia, dini haikukalifishi ujidhuru. Nguo na viatu vitwahirishe unavojua.

Kisha hospitali siku ile ile, usingoje asubuhi. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna tena cha kufanya, karibu kila mtu anakufa, na dalili zinaweza kuchukua miezi miwili mitatu kutokea, kwa hiyo kujisikia mzima wiki ya pili hakumaanishi kitu. Chanjo inaanza siku ya kwanza, ambayo wao wanaihesabu sifuri, halafu ya 3, ya 7, na kutegemea aina ya chanjo na namna wanavoichoma unaweza kuambiwa urudi tena siku ya 14 na hata 28. Kidonda kikiwa kimechimba damu ikatoka, uliza na ile sindano nyengine ya kinga inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Ukiambiwa hapa kituoni chanjo hakuna, usirudi nyumbani, uliza ipo wapi uifate huko huko, iwe Mnazi Mmoja au kwengine. Pemba mtu asikwambie "huku kichaa cha mbwa kilishakwisha". Kweli kiliwahi kumalizwa Pemba mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, lakini 2016 kikarudi na mbwa walioletwa kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kazi ianze upya mpaka 2018. Mbwa wanapanda boti kama watu.

Kwa nini namtaja daktari kwenye habari ya fidia? Kwa sababu karatasi yenye nguvu kuliko zote kwenye kesi hizi ni ile ya hospitali ya siku ya kwanza. Mwambie daktari au nesi maneno haya haya: "nimeng'atwa na mbwa nikiwa kazini, sehemu fulani, saa fulani", na uone kayaandika. Ikiandikwa "dog bite" tupu basi, siku ya mbele mwanasheria wa upande wa pili atakuuliza ulijuaje kama si mbwa wa mtaani kwenu Jumapili. Na sindano usiruke hata moja, moja kwa ajili ya roho yako, pili kwa sababu sheria inakutaka upunguze hasara yako mwenyewe, ukiacha matibabu makusudi hasara iliyozidi baadae ni juu yako.

PF3 nayo ndo hio hio inayojulikana, fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Kama damu inamwagika nenda hospitali kwanza, mtu mwengine akimbilie kituo cha polisi kuichukua. Kama unaweza kutembea pitia polisi, andikisha taarifa, chukua na namba ya taarifa yenyewe uiandike kwenye simu. Watu wanasema polisi wa nini, kwani mie nataka kumfunga mtu? Hapana, hutaki kumfunga mtu, unataka tarehe yenye muhuri. Ingawa pia kumwachia mnyama wa hatari bila tahadhari kunaweza kuwa kosa la jinai, ila hilo waachie wenyewe.

Mbwa mwenyewe asiuliwe na asihamishwe. Hii watu wengi hawaijui. Mbwa aliyeng'ata anatakiwa afungwe aangaliwe siku 10, akibaki mzima siku zote hizo basi hakuwa na kichaa kwenye mate yake siku ile. Mjulishe afisa wa mifugo wa wilaya, na kama mbwa keshakufa mwambie hivo hivo, wanaweza kuchukua kichwa kikapimwe. Chanjo yako haingoji matokeo ya mbwa, unaianza tu, daktari ndo atakwambia kama isimame. Lakini mbwa akizikwa usiku kimya kimya, au "karudishwa Dar", umepoteza na ushahidi pia.

Ushahidi, na hapa nitakaa kidogo

Piga picha za kidonda siku ile kabla hakijafungwa, halafu kila baada ya siku chache mpaka kipone, kwa sababu kovu la mwezi wa tatu peke yake halisemi ulivoteseka. Piga suruali iliyochanika na usiitupe, itie kwenye mfuko uiweke. Piga na pahala penyewe: geti, tundu la ukuta, cheni iliyokatika, kibanda cha mbwa.

Na kile kibao cha MBWA MKALI. Wenye nyumba wanadhani kibao kinawaokoa, "si tumeandika?" Mimi kwenye kesi ya mfanyakazi nakipenda sana kile kibao. Sheria ya madai tunayoitumia, ile yenye asili ya Kiengereza, inauliza maswali mawili kuhusu mbwa. Je mwenyewe alikuwa anajua kama mnyama wake ana tabia ya kushambulia watu? Akijua, anabeba jukumu hata kama siku ile alijitahidi. Na kama hakujua, je alizembea, alimwacha wazi pahala ambapo mtu yeyote mwenye akili angejua watu wanapita? Sasa mtu aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe kuwa mbwa wake ni mkali atasema vipi hakujua? Kwa mgeni aliyeruka ukuta kibao kinamkinga mwenye nyumba. Kwako wewe ambae umeletwa kwa kazi na geti umefunguliwa na mwenyewe, kinamshitaki. Kipige picha kikionekana na ukuta wa nyumba, kabla hakijang'olewa.

Ukikosa kibao tafuta historia. Majirani, kijana wa duka la pembeni, fundi aliyewahi kukimbizwa pale, mama anaepita na watoto wa madrasa. Muulize kila mmoja: huyu mbwa kawahi kumfukuza mtu? Kama kwenye grupu la WhatsApp la kazini kuna mtu aliwahi kulalamika "huyo mbwa wa bosi atakuja kuua mtu", skrinishoti haraka ionekane na tarehe. Voisi za meneja anaekwambia "pole sana, nilishamwambia bosi amfunge" usizifute, hizo ni dhahabu.

Chengine: usimlaumu kijana anaemlisha mbwa. Kwenye mavila mara nyingi mwenye nyumba yuko Ulaya na mbwa kaachiwa mtoto wa watu analipwa kidogo, na mara tu mtu anapong'atwa anasukumwa mbele yeye, kwamba hakufunga cheni vizuri. Kisheria kosa alilolifanya akiwa kazini linambebesha mwajiri wake. Na anaemuweka mbwa siku kwa siku, anaemlisha na kumpa pa kulala kwa ajili ya ulinzi, kama kampuni inayoendesha vila, naye anaweza kudaiwa kama mwenye mbwa, hata kama karatasi ya chanjo ya mbwa ina jina la Mtaliano alieko kwao Milano. Kwa hiyo "mwenyewe hayupo" si jibu la kukurudisha nyumbani.

Mlango wa mwajiri

Kwanza toa kichwani habari ya WCF. Ule mfuko wa fidia unaousikia kwenye redio za Bara ni wa Bara, mambo ya kazi si ya Muungano. Ukitizama mtandaoni utaona fomu zao nzuri nzuri na mtu anaefanya kazi Jambiani anajaza, anakaa kungoja. Wala CMA, ile tume ya Bara ya kusuluhisha migogoro ya kazi, si ya kwetu. Zanzibar tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya mwaka 1986, iliyorekebishwa mwaka 2005 kwa Sheria Namba 5, na pa kwenda ni Kamisheni ya Kazi. Pemba nako wana watu wao, huna haja ya kupanda boti.

Uzuri wa mlango huu ni kwamba huna haja ya kuthibitisha mwajiri kakosea. Unachotakiwa kuonesha ni kwamba wewe ni mfanyakazi wake, umeumia kwa ajali, na ajali imetokana na kazi ukiwa kwenye kazi. Basi. Mbwa wa jirani aliyeruka ukuta akakukuta unafagia, ni kazini. Mbwa koko wa ufukweni aliyekung'ata saa 9 ya usiku ukiwa kwenye doria, hana mwenyewe wa kumdai, lakini bado ni kazini na mwajiri ana jukumu. Mgeni wa hoteli kaja na mbwa wake akakuparua ukimpelekea chai, kazini. Kijana wa delivari kang'atwa getini kwa mteja, kazini. Ila ukiwa unatoka kwenu Fuoni unakwenda kuchukua daladala, hapo kwa kawaida hujaingia kazini bado, isipokuwa uwe kwenye gari la kazi au umetumwa na bosi. Na ukimchokoza mbwa, ukampiga mawe kwa mchezo wakati uko mapumziko, utajitia kwenye mjadala mrefu usio na haja.

Taarifa kwa mwajiri iwe ya maandishi na iwe mapema, siku ya pili yake kama unaweza. Kusema kwa mdomo kwa supavaiza hakutoshi, supavaiza akihama na taarifa yako imehama. Haihitaji Kiswahili cha ofisini, ni hivi:

"Kwa Meneja. Yah: Taarifa ya kuumia kazini. Mimi fulani, mlinzi wa zamu ya usiku, nakuarifu kuwa usiku wa kuamkia Jumanne tarehe fulani, saa 10 alfajiri, nikiwa doria ukuta wa nyuma kama rosta inavyoonesha, niling'atwa na mbwa wa rangi ya kahawia anaefugwa ndani ya eneo la kazi. Nimeumia mguu wa kulia chini ya goti na kiganja cha kulia. Aliyeshuhudia ni fulani wa jikoni. Nimetibiwa hospitali fulani siku hiyo hiyo na nimeanzishiwa chanjo. Naomba ajali hii iandikwe kwenye kumbukumbu za ajali, iripotiwe Kamisheni ya Kazi, na nishughulikiwe matibabu na fidia kwa mujibu wa sheria. Nakala: Kamisheni ya Kazi."

Toa nakala mbili, moja waigongee muhuri au waisaini "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo wewe. Wakikataa kusaini, usigombane, piga picha barua, itume kwa WhatsApp ya meneja na ya HR mbele ya mtu, tiki mbili zikitokea umemaliza. Halafu peleka nakala Kamisheni mwenyewe. Usimngoje mwajiri akuripotie, wengine wanaripoti na wengine wanangoja uone haya.

Ukifika Kamisheni waulize pia habari ya usalama kazini, kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005, mwajiri anatakiwa akuwekee mazingira salama. Wakaguzi wakija wakakuta mbwa analegezwa usiku na walinzi wanazunguka kiza kizima bila tochi, ripoti yao inakusaidia.

Kuhusu vibarua. Watu hawa ndo wanaonyanyaswa zaidi, "wewe huna kontrakti, huna chako". Kutokuwa na karatasi si kutokuwa na ajira, ajira inaoneshwa kwa mengi, miamala ya simu ya kila wiki, rosta yenye jina lako, picha na yunifomu, wenzako wakisema. Chukua vyote nenda navyo. Na hata ikionekana wewe kweli si mfanyakazi wa mtu, ni fundi tu umeitwa kutengeneza pampu siku moja, mlango wa mwenye mbwa uko wazi vile vile.

Nini cha kudai

Madai ya kwa mwajiri, yale ya sheria ya fidia, yanahesabiwa kwa kufuata sheria yenyewe: matibabu, kipindi ambacho hukuweza kufanya kazi, na ulemavu wa kudumu kama umebaki. Kipato chako kihesabiwe chote. Hotelini mtu anaandikiwa mshahara mdogo halafu savisi chaji ndo inayomuweka mjini, basi peleka pei slipu za miezi kadhaa zenye savisi chaji, usikubali wakatazama ile ya msingi peke yake bila kuhoji.

Ulemavu una wakati wake. Daktari anautathmini kidonda kikishapona, anaandika kwa asilimia, na asilimia hio ndo inayobeba pesa. Mtu akitaka mmalizane wiki ya pili, kabla hujajua kama kidole kitakunja, anataka umuuzie ulemavu kwa bei ya kidonda. Mlinzi mwenye kiganja kisichofunga vizuri, msusi aliyeng'atwa mkono, dereva aliyepoteza nguvu ya mguu, mwambie daktari kazi yako ni ipi na kitu gani huwezi tena kukifanya, asikuandikie kama mtu wa ofisini.

Madai ya kwa mwenye mbwa yana mafungu mawili. La kwanza ni hasara halisi, na hili linataka risiti, shilingi kwa shilingi. Mahkama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ndo ya mwisho kwa pande zote mbili za Muungano, siku zote imeshikilia kwamba hasara ya aina hii itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe kikamilifu, mahkama haikukisii. Kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza weka daftari. Tuseme unakaa Makunduchi na sindano unafata mjini. Bodaboda haitoi risiti, basi mlipe kwa simu upate meseji, andika daftarini tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi. Dawa, chukua risiti hata ya panadoli. Suruali, viatu, simu iliyovunjika ulipoanguka. Mtu uliyemlipa akusaidie nyumbani. Mshahara uliokatwa: kama unapata 400,000 kwa mwezi na miezi miwili hukulipwa, hizo ni 800,000 na unaonesha pei slipu za kabla na taarifa ya benki ya miezi ile iliyo tupu.

Fungu la pili ni maumivu, khofu, kovu, maisha yaliyoharibika. Hili halina risiti, mahkama inakadiria wenyewe, lakini hawakadirii kwenye hewa. Wape picha, wape mkeo aje aseme kuwa unaamka usiku ukisikia mbwa, wape ripoti ya daktari.

Kulipwa mara mbili kwa hasara ile ile hakuna. Mwajiri akishalipia chanjo, chanjo hio humdai tena mwenye mbwa, mwajiri ndo atajua namna ya kumfata mwenziwe. Lakini maumivu na kovu ambayo fidia ya kazini haikuyagusa bado ni yako. Kadi ya bima ya ZHSF ikikulipia hospitali, shukuru Mungu, lakini bima haikulipi mshahara wala ulemavu, kwa hiyo usiambiwe "si una kadi". ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ni faili jengine, huko ni pensheni ya ulemavu kwa mwanachama alieshindwa kufanya kazi tena na ana michango inayotosha, nenda kaulize lakini usilichanganye na hili.

Kwa sheha, kwa kadhi, kwa bwana mkubwa

Kwa sheha nenda, kwa sababu anajua watu wake na barua yake inasaidia, na mara nyingi mwenye mbwa akiitwa kwa sheha analegea. Sulhu ni kheri. Lakini sheha hana mamlaka ya kukuhukumia fidia, kwa hiyo mkikubaliana pale iandikwe, isainiwe, na kila mtu abaki na nakala. Mahkama ya Kadhi si pahala pake kabisa, wale ni wa ndoa, talaka, mirathi, nimeona mtu kapoteza siku nzima kwenye foleni.

Kwa tajiri mwenyewe ndo pagumu. Anakuja hospitali na matunda, anakwita ndugu yangu, anatoa bahasha, na wewe umelala na mguu juu na huna hata vocha ya simu. Pesa ichukue kama unaihitaji, sikwambii uikatae na watoto wanangoja nyumbani, lakini tizama unachosaini. Andika kwa mkono wako mwenyewe juu ya saini: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya matibabu tu. Madai yangu mengine yanabaki." Akikataa maneno hayo ujue alikuwa hajakupa pole, alikuwa ananunua. Karatasi ikiwa ya Kiengereza na hukifahamu, usisaini, sema naipeleka kwa mwakilishi wangu. Na makubaliano ya mwisho ya fidia ya kazini yafanyieni mbele ya afisa wa Kamisheni, atizame kama hesabu inalingana na sheria, wewe na meneja peke yenu chumbani hamko sawa.

Ukifukuzwa kwa sababu umedai, hio ni kesi nyengine tena, ya kuachishwa kazi isivyo halali, na Zanzibar inaanzia kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi kabla ya kufika Mahkama ya Kazi. Haya mambo ya kuachishwa yana muda mfupi, usikae ukafikiria mwezi mzima, nenda wiki ile ile. Na madai yote kwa jumla yana ukomo, kila mwezi unaolala unampa mwenzio hoja.

Wakili wa kulipia si lazima mwanzoni. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa watu wa mahoteli na kazi za ndani ni CHODAWU-Z, waambie siku ya kwanza, au pitia ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar, wakuelekeze. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na kinasaidia watu wasio na uwezo, wanawake wana ZAFELA pia, jumuiya ya wanasheria wanawake, na wapo wasaidizi wa sheria huko mawilayani wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Wakili wa kweli mtafute kama ulemavu ni mkubwa, kama mwenye mbwa anakana mbwa si wake, au kama kuna mtu kafa.

Na hilo la kufa nalisema kwa sababu kichaa cha mbwa kinaua baada ya miezi, wakati mwengine mtu keshaacha kazi pale, keshahamia kwengine, na familia haina hata habari kama aling'atwa. Wategemezi wana haki ya kudai, kwa mwajiri na kwa mwenye mbwa, lakini watadai na nini kama hakuna PF3, hakuna kadi ya chanjo, hakuna barua? Kwa hiyo siku ile ile ukitoka hospitali mwambie mtu wa nyumbani, mpe picha za karatasi zote kwenye simu yake, mama, mke, kaka, yeyote anaejua kuhifadhi. Karatasi zenyewe zitoe fotokopi, za asili zibaki nyumbani, na kila ofisi utakayokwenda wape nakala tu. Wakitaka ya asili waitizame mbele yako warudishe, mana faili likipotea ofisini hakuna atakaekufidia hilo.